Sura ya Sita: Maiki Iliyonyamaza

Katika vifaa vyote vya muziki vinavyouzwa mtumba, hakuna ninachokiamini kama maiki ya waya. Spika iliyotumika miaka kumi huenda koni yake imechanika ikabandikwa gundi. Amplifaya huenda imeungua ikafufuliwa, ikaungua tena. Mikisa ina vitufe na vitelezi kibao, na kila kimoja kinaweza kuanza kukwaruza. Maiki ya waya ina sehemu chache mno, na karibu kila ugonjwa wake hutibika kwa mita ya bei nafuu, bisibisi, chuma cha kulehemu na subira. Hata hivyo maiki nzima hutupwa, husahaulika kabatini au hupewa watoto wachezee, kwa sababu tu siku moja ilikata sauti katikati ya shughuli na mtu akatangaza kwamba imekufa.

Huku kwetu Mara, kuanzia Kabasa na mitaa mingine ya Bunda hadi Butiama na Musoma mjini, hasara hiyo inagusa watu wengi. Wasabato wana makambi yao. Kwaya za kila dhehebu hufanya mazoezi jioni. Mnadani, muuza nguo hutangaza bei tangu asubuhi. Msibani, msemaji wa familia husimama chini ya turubai akasoma wasifu wa marehemu na ratiba ya mazishi. Mkutano wa mtaa unaposomewa mapato na matumizi, mama aliyekaa nyuma kabisa ana haki ya kuzisikia tarakimu sawasawa na waliokaa mbele. Maiki ikikata wakati huo, anachokosa ni hesabu ya fedha zake mwenyewe. Kwa hiyo kujua kutengeneza maiki ni ujuzi unaostahili kuwapo katika kila kwaya na kila mtaa, na sura hii inaeleza unavyoanza, unavyoendelea na mahali pa kuishia.

Kilichomo ndani

Maiki ya kawaida ya kuimbia ina sehemu kuu tatu. Juu kuna wavu wa chuma wa duara, na ndani ya wavu kuna sponji nyembamba inayopunguza kishindo cha pumzi. Chini ya wavu kuna kapsuli, na hapo ndipo sauti inapogeuka umeme. Mkiani mwa mpini kuna soketi ya pini tatu, ile inayojulikana kama XLR. Katika maiki nyingi, nyaya mbili nyembamba huunganisha kapsuli na soketi. Maiki ikiwa na swichi, nyaya hizo hupitia kwenye swichi kwanza.

Kapsuli nayo ina kiwambo chepesi cha plastiki, na nyuma ya kiwambo imebandikwa koili ya waya mwembamba sana. Koili hiyo inaelea ndani ya mwanya wa sumaku. Sauti ikigonga kiwambo, koili hucheza ndani ya sumaku na umeme huzaliwa. Kanuni hii aliionyesha Michael Faraday huko London mwaka 1831. Maiki ya namna hii huitwa dainamiki. Haitaki betri, na nyingi hazina transista wala saketi yoyote ya kuungua. Sumaku yake isipoangushwa ovyo hudumu kwa miongo.

Dainamiki inayojulikana kuliko zote ni SM58 ya Shure, kampuni ya Kimarekani iliyoanzishwa na Sidney Shure mjini Chicago mwaka 1925. SM58 ilitoka mwaka 1966 na inauzwa hadi leo. Maiki nyingi utakazozikuta sokoni ni hiyo, au ni nakala iliyoiga umbo lake, kwa hiyo ukielewa moja umeelewa nyingi.

Kuna jambo moja la kuliweka kichwani kabla ya yote. Umeme unaotoka kwenye maiki ni mdogo mno. Mtu akiongea karibu na SM58, kinachotoka ni kama milivolti mbili. Umeme wa ukutani ni volti 230, yaani zaidi ya mara 100,000 ya hapo. Kutu kidogo kwenye pini, ambayo taa isingeijali, inatosha kuizuia sauti isipite. Mvumo mdogo wa umeme wa jirani, ambao redio isingeuona, unatosha kuifunika. Magonjwa karibu yote ya maiki yanatokana na udogo huo.

Sikiliza kabla ya kushika bisibisi

Mgonjwa huyu hueleza tatizo lake mwenyewe, ila inabidi umsikilize. Maiki iliyokaa kimya kabisa ina njia iliyokatika, au mahali nyaya mbili zinagusana. Inayokata-kata ukiitikisa ina muungano uliolegea. Inayovuma kwa sauti nzito isiyokoma ina tatizo la waya wa ardhi. Inayosikika kwa mbali, kana kwamba mwimbaji amefunikwa blanketi, mara nyingi imezibwa na uchafu kwenye wavu. Inayotoa sauti nyembamba isiyo na besi huenda imepoteza waya mmoja kati ya nyaya mbili zinazobeba sauti.

Ile inayopiga mluzi kila ikisogezwa karibu na spika haina ugonjwa hata kidogo. Spika inatoa sauti, maiki inaidaka, amplifaya inaikuza na kuirudisha kwenye spika, na mzunguko unaendelea hadi masikio yaume. Dawa yake ni kuweka spika mbele ya waimbaji zielekee kwa watu, kupunguza sauti kidogo, na kumzoesha mwimbaji kuishika maiki karibu na mdomo bila kuufunika wavu kwa kiganja. Nimeona maiki nzima ikifunguliwa na kuharibiwa kwa sababu ya mluzi uliotokana na mpangilio wa spika.

Ukishasikiliza, fuata njia ya sauti hatua kwa hatua: maiki, waya, tundu la mikisa, amplifaya, spika. Chukua maiki unayojua ni nzima na uichomeke kwenye waya uleule na tundu lilelile. Ikilia vizuri, tatizo liko kwenye maiki ya kwanza. Isipolia, iache hapo na ubadilishe waya. Waya mpya usipoleta sauti, hamia tundu jingine la mikisa. Kila mara badilisha kitu kimoja tu, kisha sikiliza. Anayebadilisha waya na tundu kwa pamoja akapata sauti hajui kilichopona ni kipi, na Jumapili ijayo, au Sabato ijayo, tatizo litamrudia.

"Waya hauna shida"

Mwalimu mmoja wa kwaya kutoka Kabasa aliniletea maiki aliyoiviringisha kwenye kipande cha kitenge.

"Fundi, hii tuliinunua mtumba Mwanza. Imeimba vizuri siku chache, sasa inakata-kata. Wazee wa kanisa wanasema tumeuziwa kopo."

"Pole, Mwalimu. Waya wake uko wapi?"

"Nimeuacha kanisani. Waya hauna shida, ni mpya."

Nikamwomba aufuate. Akachukua bodaboda, akarudi nao umezungushwa kwenye kiwiko kama kamba ya kufungia mbuzi. Maiki yake ilipochomekwa kwenye waya wangu ililia safi, hata nilipoitikisa. Ilipohamia kwenye waya wake ilikata nilipokunja kidogo karibu na plagi. Nilifungua plagi hiyo mbele yake. Waya wa ardhi, ule wavu unaozungushwa nje ya nyaya mbili za sauti, ulikuwa umeshikwa na nyuzi mbili tu, na kibanio cha plastiki kilikuwa hakijaligusa ganda la nje. Kila mwimbaji alipovuta waya, mvuto wote uliishia kwenye risasi ya kulehemu.

Tulikata kipande cha mwisho hadi tukafika kwenye shaba safi inayong'aa. Kabla ya kulehemu chochote nilipitisha kwanza kikombe cha nyuma cha plagi kwenye waya, kwa kuwa ukisahau hilo utalazimika kufumua kazi yako yote. Nikatanguliza risasi kidogo kwenye kila ncha na kila pini, kisha nikaziunganisha: wavu wa ardhi pini 1, waya wa kwanza pini 2, waya wa pili pini 3. Risasi iliyokaa vizuri hung'aa na kutandaa laini kwenye shaba. Iliyofifia na kujikusanya kama tone haijashika, ipashe moto tena. Mwisho kibanio kilikaza juu ya ganda, mahali panapostahili kuvutwa. Mwalimu aliondoka na maiki ileile ambayo wazee walikuwa wameshaiita kopo.

"Waya hauna shida" ni maneno ninayoyasikia kuliko mengine yote, na karibu kila mara waya ndio wenye shida. Unakanyagwa, unavutwa, unafungwa mafundo, unabanwa na mlango. Kapsuli imetulia ndani ya chuma huku waya ukipigwa kila siku. Ndiyo maana uchunguzi huanzia kwenye waya, na ndiyo maana waya wa akiba ni wa lazima kuliko maiki ya akiba.

Namba za pini zinafaa kukaririwa. Nyaya za pini 2 na 3 hubeba sauti ileile, mmoja ukiwa juu wakati mwingine uko chini. Mvumo unaoingia njiani huzipata zote mbili kwa usawa, na mikisa, kwa kuwa husoma tofauti kati yake, huufuta. Mmoja ukikatika, ulinzi huo unapotea: sauti hupungua na mvumo hupanda. Ukilazimika kutengeneza waya wa kwenda kwenye amplifaya yenye tundu la jeki kubwa, pini 2 huenda kwenye ncha ya jeki, na pini 1 na 3 huunganishwa pamoja kwenye mwili wa jeki. Waya wa namna hiyo uwe mfupi, maana hauna tena uwezo wa kufuta mvumo.

Ukimaliza shughuli, usizungushe waya kwenye kiwiko. Ukunje kwa duara pana ukiufuata mkunjo wake wenyewe, na ufunge kwa kitambaa. Waya unaosokotwa kila wiki hukatika ndani huku nje ukionekana mzima.

Wavu, sponji na sumaku

Maiki ikithibitika kuwa ndiyo mgonjwa, anza na wavu. Katika maiki za umbo la SM58 wavu hufunguka kwa mkono, kinyume cha saa. Ishike maiki kichwa kikielekea chini ili uchafu udondoke nje badala ya kuangukia kiwambo. Utakachokuta kitategemea maiki ilikoishi: mate yaliyokauka, rangi ya mdomo, vumbi la kiangazi la barabara zetu. Kando ya ziwa utakuta pia wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kwa makundi kama moshi na kufuata taa usiku. Wakijazana kwenye sponji, sauti ya juu yote hupotea.

Wavu na sponji yake huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki wa zamani, kisha huachwa kivulini hadi vikauke kabisa. Usivirudishe vikiwa na unyevu. Sponji ikibomoka vipande mkononi, itoe yote na uweke mpya nyembamba. Vipande vyake vikiangukia kwenye kiwambo vitaleta mkwaruzo mbaya kuliko ugonjwa wa mwanzo. Kapsuli yenyewe haioshwi, haipulizwi kwa mdomo wala kwa pampu ya baiskeli, na kiwambo hakiguswi kwa kidole.

Jihadhari na sumaku. Usiifungue maiki juu ya meza ambako chuma kinakatwa au kupigwa tupa. Vumbi la chuma hurukia kwenye kapsuli na kunata mwanyani, nalo haliondoki kwa kupuliza. Njia iliyopo ni kuligusa taratibu kwa utepe wa gundi, punje kwa punje, bila kukandamiza. Tandika kitambaa safi kabla hujaanza.

Baada ya wavu, angalia swichi. Katika maiki za bei ndogo swichi ndiyo hufa kwanza. Ukiisukuma huku na huku na sauti ikarudi kwa mikwaruzo, meno yake yameota kutu. Dawa ya kupulizia ya kusafishia swichi huisaidia kwa muda. Kwa maiki ya kanisa au ya mkutano, ambayo mwendesha mitambo anaweza kuifunga kwenye mikisa, nashauri nyaya ziunganishwe moja kwa moja na swichi iachwe bila kazi. Unapata maiki imara zaidi, na hakuna tena msemaji atakayehutubia dakika tano akiwa ameizima bila kujua.

Kusoma mita

Mita iliyowekwa kwenye ohm hutoa jibu ambalo sikio haliwezi. Kwenye waya, iweke kwanza kwenye alama ya mlio, kisha gusa pini 1 ya upande mmoja na pini 1 ya upande mwingine: mita ilie. Fanya hivyo kwa 2 na kwa 3. Kisha jaribu 1 na 2, 1 na 3, 2 na 3: mita inyamaze kote. Ukiwa unapima, kunja-kunja waya karibu na plagi zote mbili, kwa sababu mkatiko wa ndani hujificha waya ukiwa umenyooka.

Kwenye maiki dainamiki, swichi ikiwa imewashwa, irudishe mita kwenye ohm na upime pini 2 na 3 za soketi. Nyingi husoma kati ya makumi kadhaa na mamia kadhaa ya ohm. Wakati unapima, isogeze maiki sikioni. Kila unapogusa pini utasikia mlio mdogo sana kutoka kwenye wavu: umeme wa betri ya mita umeisukuma koili, na koili imekisukuma kiwambo. Maiki na spika ni ndugu wa kanuni moja, na kwa sekunde hiyo maiki inafanya kazi ya spika. Mlio huo ukisikika, koili iko hai na inacheza.

Mita ikionyesha kwamba njia imekatika na sikio halisikii kitu, panda juu na upime kwenye vituo viwili vya kapsuli yenyewe. Hapo ikisoma, lawama inahamia kwenye swichi au kwenye nyaya nyembamba za katikati, na risasi kidogo inatosha. Nyaya hizo ni dhaifu, usizivute wakati wa kutoa kapsuli. Kapsuli nayo isiposoma, koili imekatika, na hapo ndipo mwisho wa matengenezo ya kawaida. Kapsuli hubadilishwa nzima. Shure huuza ya SM58 kwa jina la R59, na za nakala hupatikana kwa bei ndogo. Linganisha bei ya kapsuli na bei ya maiki nyingine ya mtumba, kisha amua. Ukiitupa, ng'oa kwanza wavu, soketi na skrubu uziweke. Zitaokoa maiki nyingine.

Kabla ya kutoa hukumu, hakikisha kama maiki uliyoishika ni dainamiki kweli. Zipo za aina ya kondensa, na nyingi za kisasa zinatokana na ugunduzi wa James West na Gerhard Sessler wa mwaka 1962 katika maabara za Bell, Marekani. Kondensa ina saketi ndani, na nyingi za jukwaani hulishwa volti 48 na mikisa kupitia waya uleule wa maiki. Ukiichomeka kwenye amplifaya isiyotoa umeme huo itakaa kimya kama jiwe ingawa ni nzima. Tafuta kwenye mikisa kitufe kilichoandikwa +48V. Kabla ya kukibonyeza teremsha sauti, la sivyo spika zitapiga kishindo. Dainamiki iliyo kwenye waya mzima wa pini tatu haidhuriki na umeme huo.

Maiki mbili zinazogombana

Kwaya zina tatizo moja ambalo hata wazoefu hulipita. Maiki mbili, kila moja ikiwa peke yake inalia vizuri. Zikisimamishwa pamoja mbele ya waimbaji, besi inatoweka na sauti inakuwa kama ya redio ndogo. Sababu yake ni kwamba mahali fulani, kwenye waya au ndani ya maiki mojawapo, nyaya za pini 2 na 3 zimepishana. Maiki moja inasukuma wakati nyingine inavuta, nazo zinafutana. Vifaa vya mtumba vilivyopita kwa mafundi wengi huwa na kasoro hii mara kwa mara.

Jaribio lake ni rahisi. Zishike maiki mbili zikiwa zimegusana, zote zikiwa na sauti sawa, na uongee katikati yake. Ongeza moja polepole. Sauti ikinenepa, zinaelewana. Ikikonda na kupotea, badilisha waya wa moja. Zikianza kuelewana, waya ulioutoa ndio uliolehemiwa kinyume. Zikiendelea kugombana, badilisha waya wa ile nyingine; zikikataa tena, fungua maiki. Kugeuza nyaya mbili ni kazi ya dakika chache, na kwaya nzima inarudi na uzito wake.

Shoti ya midomoni

Hapa sina lugha ya upole. Mhubiri au mwimbaji akisema maiki inampiga shoti, zima kila kitu papo hapo. Wavu wa maiki umeungana na mwili wa amplifaya kupitia pini 1. Dainamiki haina uwezo wa kutengeneza umeme wa kumpiga mtu. Umeme huo unatoka kwenye amplifaya, mikisa au jenereta ambayo mwili wake umeshika umeme na hauna ardhi ya kuupeleka. Anayesimama pekupeku kwenye nyasi zenye umande au sakafu iliyotoka kudekiwa anakuwa njia ya umeme huo, na anaweza kufa.

Kuna dawa tatu za uongo. Ya kwanza ni kuivisha maiki soksi ya sponji ili midomo isiguse chuma. Ya pili ni kukata waya wa pini 1. Ya tatu, iliyo mbaya kuliko zote, ni kukata waya wa ardhi kwenye plagi ya amplifaya ili kuondoa mvumo. Zote huficha hatari ikabaki palepale. Dawa ya kweli ni plagi ya pini tatu iliyochomekwa kwenye soketi yenye ardhi inayofanya kazi, vifaa vyote vikitumia chanzo kimoja cha umeme, na fundi umeme aliyepima ardhi hiyo kwa kifaa chake. Mpaka hapo, mkutano uendelee kwa sauti ya mdomo.

Zisizo na waya

Maiki zisizo na waya ni habari nyingine, nami simshauri mtu mwenye fedha kidogo kuanza nazo mtumba. Zina magonjwa mawili makubwa. La kwanza linatibika: betri iliyosahaulika ndani ikavuja. Utaona ukoko mweupe au wa kijani kwenye vyuma vinavyoshika betri. Toa betri, sugua ukoko kwa pamba iliyochovywa kidogo kwenye siki au maji ya ndimu, futa kwa spiriti, acha ikauke, kisha kwangua taratibu hadi chuma king'ae. Kuanzia siku hiyo betri hutolewa kila baada ya shughuli.

La pili halina dawa mezani kwa fundi. Maiki hizi ni redio ndogo, na kila moja imezaliwa na masafa yake. Masafa mengi zilizokuwa zikiyatumia zamani yamepewa intaneti ya simu. Marekani ilipiga marufuku maiki za masafa ya megahezi 700 kuanzia tarehe 12 Juni 2010, na sehemu kubwa ya masafa ya megahezi 600 kuanzia tarehe 13 Julai 2020. Kwa nchi za Afrika na Ulaya, masafa ya kuanzia megahezi 694 hadi 862 yamefunguliwa kimataifa kwa ajili ya simu. Tanzania nayo ilianza kuzima matangazo ya analojia ya televisheni Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mpangilio wa masafa ukabadilika. Maiki iliyotupwa huko ilikotoka kwa sababu hiyo haijaharibika. Itawaka taa zake zote, ila inaweza kujaa mikwaruzo, kukatwa na mawimbi ya mnara wa simu, au kutumia masafa ambayo mwenyewe huna ruhusa nayo. Kwa hiyo geuza maiki na risiva yake, usome namba za megahezi. Ikiwa ni kati ya 694 na 862, mrudishie muuzaji. Kwa namba nyingine, TCRA ndiyo yenye mamlaka ya masafa nchini na ndiyo ya kuuliza.

Sokoni

Vifaa vya mtumba hutufikia kwa njia mbili: kutoka Dar es Salaam na Mwanza, au kutoka Nairobi kupitia Sirari na Tarime, vikivuka daraja la Kirumi kuja huku. Popote utakaponunua, nenda na waya wako mzima na mita yako. Fungua wavu mbele ya muuzaji. Wavu uliobonyea usikutishe, huo umefanya kazi yake ya kuilinda kapsuli. Kitakachokutisha ni kitu kinachogongana ndani ukiitikisa, harufu ya ukungu, na skrubu zilizoliwa vichwa na mafundi waliotangulia. Pima pini 2 na 3. Sikiliza ule mlio mdogo wa koili.

Ukiuziwa kwa jina la SM58 halisi, pima uzito. Ya kweli ina gramu 298 hivi, na mkoa huu wenye wachimbaji wa dhahabu, kuanzia Buhemba hadi Nyamongo, hauna upungufu wa mizani midogo. Iliyo nyepesi sana ni nakala. Nakala nayo inaweza kuwatumikia watu miaka mingi, ila ilipiwe bei ya nakala.

Ukishaitengeneza, bandika utepe kwenye mpini na uandike tarehe, ugonjwa uliokuta na ulichofanya: "pini 1 imelehemiwa upya", "swichi imerukwa". Umwite kijana mmoja wa kwaya au wa mtaa akushikie taa wakati wa kazi, kisha mara inayofuata ashike yeye chuma cha kulehemu. Maiki ya mtumba haitaharibika mara moja tu maishani, na huenda siku hiyo wewe hutakuwepo. Atakayeishika ataanzia pale ulipoishia wewe, na mkutano hautahitaji kuahirishwa.